Moto Uliogeuka Mzigo

Mtu wa Dar es Salaam anayeshuka treni Tabora alfajiri ya mwezi Juni akiwa na shati la mikono mifupi hujuta. Mji umekaa kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kipupwe chake ni kikavu: mchana jua kali, usiku baridi inayopenya blanketi. Kuipasha nyumba joto ni jambo ambalo wengi wetu huwaachia Wazungu na theluji yao, lakini Unyamwezini lilishapatiwa ufumbuzi zamani sana. Ufumbuzi wenyewe ulikuwa mafiga matatu ndani ya nyumba.

Nyumba ya kale ya Mnyamwezi ilikuwa msonge: ukuta wa miti iliyokandikwa udongo, paa la nyasi lililochongoka, na juu ya moto dari la kuwekea nafaka. Moto ule ulikuwa na kazi nyingi, na ugali ulikuwa mojawapo tu. Moshi uliopanda darini uliwafukuza wadudu kwenye mtama wa mbegu. Ulizipaka fito masizi, mchwa wakazikataa. Usiku moto ndio uliokuwa taa, na wakati wa kipupwe ndio uliokuwa blanketi la pili. Wanaume nao walikuwa na moto wao katika iwanza, nyumba ya baraza ya kijiji, ambako kesi zilisikilizwa na wageni walipokelewa. Kuni zilitoka miomboni, na miombo ilianzia pale mashamba yalipoishia. Aliyezilipia alikuwa mwanamke, kwa shingo yake na kwa saa zake, na malipo hayo hayakuingia katika daftari la mtu yeyote.

Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijikita Unyanyembe, mahali palipoitwa Kazeh, ndipo Tabora ya leo, na nyumba ya aina nyingine ikashamiri: tembe la kuta nene na paa bapa lililofunikwa udongo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, wakapokelewa na Snay bin Amir, tajiri wa Kiomani aliyewapa nyumba na chakula. Tembe ni nyumba yenye akili. Udongo mzito wa paa na kuta hunywa joto la jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, kwa hiyo ndani huwa nafuu nje kunapoungua na nafuu tena nje kunapopoa. Nadhani hakuna fundi aliyewahi kujenga Tabora nyumba inayoijua hali ya hewa ya pale kuliko tembe, ikiwa ni pamoja na mafundi wetu wa leo na mabati yao.

Sasa tutazame mizigo. Kutoka Bagamoyo kwenda bara wapagazi walibeba nguo za merekani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Kwenda pwani walibeba pembe za ndovu, na pamoja nao waliswagwa watu waliogeuzwa bidhaa. Katika safari hiyo ya miezi hapakuwa na pagazi aliyebebeshwa mzigo wa kuni. Kuni, kama maji, zilikuwa za mahali. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alipotafuta pa kulala alitazama vyote viwili, na jioni kila kikundi cha wapagazi kiliwasha moto wake na kuinjika chungu chake ndani ya ua wa miiba. Hata Mgunda Mkali, ile nyika ya kutisha kati ya Ugogo na Unyamwezi, ilisifika kwa kiu na njaa, si kwa kukosa cha kuwasha.

Hilo la kuni kuwa za mahali lilipimwa mwaka 1871. Mirambo, mtemi wa Urambo, aliifunga njia ya kwenda Ujiji. Mwandishi wa habari Henry Stanley, aliyefika Unyanyembe mwezi Juni mwaka huo, alijiingiza katika vita vya Waarabu dhidi yake, wakapigwa, na ikambidi azunguke kusini ili kumfikia mmisionari Livingstone. Bidhaa za pwani zikakwama. Mwezi Februari 1872 Stanley na Livingstone walirudi pamoja mpaka Kwihara, karibu na Tabora. Stanley akashuka pwani na kuahidi kumpelekea mwenzake wapagazi. Livingstone alikaa katika tembe la huko, ambalo leo ni makumbusho, kipupwe chote cha mwaka ule akiwangoja, na wakafika Agosti. Kila kitu Kwihara kilikuwa kikingojewa kutoka pwani: nguo, dawa, barua, watu. Kasoro kuni. Vita vilipandisha bei ya merekani, havikuzima jiko la mtu.

Moto wa kwanza kupanda kutoka pwani ulikuwa wa baruti. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani waliokuja kutawala kwa muda, na Januari 1893, jeshi lao lilipoivunja ngome yake, alijilipua ndani ya ghala lake la baruti ili asikamatwe.

Halafu ikaja reli. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwezi Februari 1914. Wapagazi, ambao Unyamwezi ilisifika kwao kuliko kwa jambo lolote, walipoteza kazi ndani ya miaka michache. Ila treni ililetea miombo mlaji mpya, maana injini ya mvuke ni boila juu ya magurudumu, na boila lile lilitaka kuni. Magogo yakakatwa kwa kipimo na kupangwa kando ya njia, na watu wakalipwa ujira kwa kuyakata. Mti ukapata bei. Kuni za mwanamke bado zilikuwa bure, ila sasa zilikuwa na ndugu aliyeandikwa kwenye vitabu vya hesabu.

Kisha vikaja Vita Kuu.   Septemba 1916 Wabelgiji wakauchukua mji kutoka kwa Wajerumani.

Waingereza, walioishika Tanganyika baada ya vita, waliendelea kuzilisha injini kuni. Mwaka 1928 waliunganisha Tabora na Mwanza, na mji ukawa njia panda ya reli, wenye karakana, nyumba za wafanyakazi na vijana waliokuwa wakijifunza kazi ya kulisha tanuru la injini. Badiliko kubwa lilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, reli za Tanganyika zilipowekwa pamoja na zile za Kenya na Uganda mwaka 1948. Maboila yakahamishwa kutoka kuni kwenda mafuta mazito.

Kazi hiyo haikutaka injini mpya. Kilichoondolewa ni wavu wa chuma ambao kuni zililala juu yake. Mahali pake pakajengwa kitako na kuta za matofali ya kuhimili moto, na mdomo wa tanuru ukawekewa bana iliyorusha mafuta kwa nguvu ya mvuke yawake kama ukungu wa moto. Mafuta mazito huganda kama uji uliolala, hivyo hupashwa joto kwanza ndipo yapite bombani. Boila lenyewe halijui kilicho chini yake. Maji yalichemka vilevile, mvuke ukasukuma pistoni vilevile. Mlisha tanuru ndiye aliyejua: aliyekuwa akitupa magogo mpaka mgongo ukamuuma sasa alifungua na kufunga vali, jicho likiwa kwenye rangi ya moshi. Huku porini, wakata kuni wa kando ya reli hawakuwa na mteja tena. Na joto la treni likawa linaanzia bandarini Dar es Salaam, ndani ya tangi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya njia ile, joto lenyewe lilikuwa shehena. Baadaye ikaja dizeli, na boila likatoka kabisa.

Wakati reli inaachana na kuni, mlaji mwingine alikuwa anaota mizizi upande wa magharibi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao wa karanga katika Kongwa, Nachingwea na Urambo. Matrekta yaling'oa miombo ya Urambo ili ipatikane karanga ya kuwapa Waingereza mafuta ya kupikia. Karanga haikupatikana, fedha zikateketea, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Urambo ikageukia tumbaku, na Tabora ikawa mkoa wa tumbaku.

Hapa ndipo penye kichekesho. Nyumba pekee mkoani Tabora inayopashwa joto kwa mabomba, kama wafanyavyo wenzetu wa nchi za baridi, ni ya majani. Bani, yaani banda la kukaushia tumbaku ya mvuke, lina tanuru lenye mdomo nje ya ukuta. Kutoka tanuruni linatoka bomba pana la bati linalozunguka sakafu ya ndani kisha kupanda na kutoka kama dohani. Moshi haugusi jani, joto tu ndilo linalosambaa. Jani lililofungwa kwenye fito huanza kupashwa taratibu, kiasi cha nyuzi 35 hadi 40, ligeuke njano. Joto hupandishwa likauke ubapa wake, kisha hufikishwa karibu na nyuzi 70 ukauke uti. Kwa karibu wiki nzima moto hauruhusiwi kuzimika, na mkulima hulala bani. Joto likishuka usiku mmoja kwa uzembe, jani huharibika rangi na daraja lake sokoni huanguka.

Kuni hizo ni nyingi. Mkulima huagizwa apande miti, na siku hizi yapo mabani sanifu yenye tanuru linalobana joto na kutumia kuni pungufu. Ila gesi haijafika bani, wala sioni nani anayemhimiza mwenye bani aifikirie. Mahubiri ya nishati safi humwendea mama wa Ng'ambo au Isevya, mjini Tabora, mwenye jiko la mkaa wa kilo mbili. Nchi inayokusanya fedha za kigeni kutokana na tumbaku haiwezi kushangaa miombo ya Kaliua, Urambo na Sikonge ikipungua, kisha ikamnyooshea kidole mpika maharage.

Hata hivyo mkaa nao si malaika. Uliingia mijini kwa sababu nzuri: ni mwepesi kuliko kuni, hautoi moshi mwingi, na chumba cha kupanga hakiwezi kuwa na mafiga. Wachomaji huukata mti wa mtundu, ule ule ambao wafuga nyuki huutegemea kwa maua na gome lake kwa mizinga, huupanga katika tanuru la udongo na kuuacha ufuke siku nyingi. Tanuru hilo hupoteza sana: kilo moja ya mkaa hula kilo sita hadi kumi za mti. Magunia mawili au matatu hupakiwa kwenye baiskeli, huingia mjini kabla ya kupambazuka, na jioni muuza genge huuza kwa kopo. Mwezi Januari 2006 serikali ilijaribu kuupiga marufuku nchini kote. Haikuchukua muda ikalegeza, maana miji haikuwa na cha kupikia.

Mkaa ndio ulioanza kuuvunja ule moto wa zamani vipande vipande. Moshi ulipoondoka, dari likabaki bila mlinzi, na mtu akanunua dawa ya kuhifadhia nafaka dukani. Mwanga ulipoondoka akanunua kandili, na mafuta ya taa. Joto tu ndilo lililobaki, na lenyewe kwa hatari. Kila kipupwe wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Msonge ulipumua kupitia nyasi zake. Chumba cha saruji chenye silingi hakipumui, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi.

Mafuta ya taa yaliwahi kuonekana kama ndiyo njia ya kutokea. Jiko la mchina, lile la tambi, lilikaa chini ya vitanda vya wanafunzi na wafanyakazi vijana nchi nzima. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa kwa kishindo ili kukomesha uchakachuaji, kwani wajanja walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Wachakachuaji wakakosa faida na majiko ya mchina yakazimika. Wengi waliokuwa wakipikia mafuta hawakukimbilia gesi. Walirudi kwenye mkaa.

Sasa ni zamu ya gesi, na watu huchanganya gesi mbili. Ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, na ile ya Mtwara inayosukumwa kwa bomba tangu 2015, ni gesi asilia. Kazi yake kubwa ni mitambo ya umeme na viwanda. Iliyo ndani ya mtungi wa kilo 6 au 15 ni gesi nyingine, inayokuwa kimiminika ikigandamizwa, nayo huja nchini kwa meli. Kutoka bandarini husafiri kwa malori zaidi ya kilomita 800 kufika Tabora. Kwa maneno mengine, imeshika njia ya merekani. Mtungi uliojaa hupanda, mtupu hushuka, na muuzaji wa Tabora hukadiria siku za lori kama tajiri wa Kazeh alivyokadiria siku za msafara.

Serikali imeweka mkono mzito upande huu. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa kuanzia mwisho wa Januari 2024. Tarehe 8 Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukiuza mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei.

Kwa mji wa shule kama Tabora agizo la taasisi lilikuwa zito kuliko la majumbani. Tabora Boys, alikosoma Julius Nyerere kuanzia 1937, Tabora Girls, Milambo na Kazima: hizi ni shule za bweni, na bweni hula mara tatu kwa siku. Jiko la shule lililojengwa kwa kuni ni kama bani dogo, lenye tanuru, dohani na stoo ya magogo. Kulihamishia gesi ni kazi ileile waliyoifanya mafundi wa reli: kung'oa wavu, kuweka bana, kujenga kizimba cha mitungi nje penye hewa, kuvuta bomba hadi ndani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, haipandi, ndiyo maana mitungi haiwekwi shimoni wala chumba kisicho na matundu ya chini. Viungio hupimwa kwa povu la sabuni. Mpishi naye hujifunza upya, kwa kuwa ugali wa mamia ya watu husongwa kwa mwiko mrefu unaolisukuma sufuria, na stendi ya bana lazima iwe imara kama ukuta aliouzoea.

Mkoa wenyewe, wakati huohuo, unapitiwa na bomba jingine. Mafuta ghafi ya Uganda, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, yatasafiri kilomita 1,443, na kwa kuwa yana nta nyingi ni lazima bomba lipashwe joto, kiasi cha nyuzi 50, njia nzima, yasigande. Kiwanda cha kuyavika mabomba hayo koti la kutunza joto kilijengwa Sojo, wilayani Nzega. Mafuta yatapita Nzega na Igunga yakiwa ya moto kuliko chumba chochote cha pale mwezi Julai.

Majumbani mambo yanakwenda kwa hesabu ndogo ndogo. Katika nyumba nyingi za Tabora mtungi upo, na jiko la mkaa lipo. Chai ya asubuhi, mayai, chakula cha mtoto na kupasha kiporo ni vya gesi, kwani mtu hahangaiki kuwasha. Maharage, makande na matobolwa ya viazi vitamu huenda kwenye mkaa. Saa mbili za bana hushusha mtungi wa kilo 6 mtu akiona. Wanaolowanisha maharage usiku kucha hupunguza muda huo sana, na wenye sufuria la presha zaidi, ila wenye sufuria hilo ni wachache. Vijijini Sikonge na Kaliua kuna hesabu nyingine: mtungi wa ruzuku unapokwisha, kuujaza ni nauli ya kwenda na kurudi mjini juu ya bei ya gesi yenyewe, na kuni ziko nyuma ya nyumba. Mitungi ya namna hiyo imekuwa ikikaa mitupu mpaka mavuno yauzwe.